Mtoto Halali Usiku: Mwongozo wa Kuusoma na Kuusaidia Usingizi wa Mtoto Mchanga

Siku ya kliniki, mama humtoa mtoto kwenye mbeleko, humning'iniza kwenye mizani, hupokea kadi iliyojazwa, na anapokuwa ameshasimama kuondoka ndipo hugeuka na kusema kwa sauti ya chini: "Nesi, huyu mtoto halali." Nimelisikia neno hilo kwa miaka mingi, kutoka kwa binti wa Chang'ombe aliyejifungua mtoto wa kwanza hadi kwa mhasibu anayeishi Ilazo na kufanya kazi Mtumba, na maswali yanayofuata huwa yaleyale. Mbona mchana analala na usiku anakesha? Mbona analala begani tu? Je, nimpe uji mwepesi ili ashibe? Wengi wa wanaouliza wamehamia Dodoma kikazi tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia makao makuu, na mama zao na shangazi zao wako Moshi, Mbeya au Tanga, kwa hiyo usiku wa manane hawana mlango wa kugonga. Nimeandika hatua hizi kwa ajili yao.

Mwongozo unamhusu mtoto mwenye afya, aliyezaliwa kwa wakati wake, tangu siku ya kwanza hadi mwezi wa 6. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, afuate maelekezo ya wahudumu waliompokea, hasa kuhusu kumwamsha ili anyonye.

Jambo moja litajirudia katika kila hatua, nami nalitanguliza makusudi: usingizi wa mtoto mchanga husomwa kwanza, ndipo ukasaidiwa. Anayekimbilia kusaidia kabla ya kusoma mara nyingi humwamsha mtoto ambaye tayari alikuwa amelala.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mahali pa kulala palipo bapa na imara: kitanda kidogo cha mtoto, au godoro gumu lisilobonyea, likiwa kando ya kitanda cha mama.
- Shuka moja inayokaza godoro. Mto hauhitajiki, hata ule wa kushonwa na bibi kwa ajili ya kutengeneza kichwa.
- Chandarua chenye dawa. Wajawazito hupewa wanapohudhuria kliniki. Kama chako kimechanika, kishone kabla mtoto hajazaliwa.
- Kanga mbili au tatu nyepesi za pamba.
- Taa yenye mwanga hafifu, ili usilazimike kuwasha taa kubwa ya chumba kila unaponyonyesha.
- Kipimajoto cha kuweka kwapani, daftari dogo, kalamu, na saa unayoweza kuisoma gizani.
- Mtu wa pili. Awe baba wa mtoto, wifi, mama mkwe au dada wa kazi, awepo mtu mmoja mzima ambaye amesoma mwongozo huu au amesomewa. Nyumba ambamo kila mtu ana utaratibu wake humchosha mtoto na kumvunja moyo mama.

Machache ya kujua

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaeleza kwamba mtoto wa miezi 0 hadi 3 anahitaji kulala kati ya saa 14 na 17 katika kila saa 24, na wa miezi 4 hadi 11 kati ya saa 12 na 16, usingizi wa mchana ukiwemo. Muda huo haumjii kwa mkupuo mmoja. Tumbo la mtoto ni dogo, maziwa ya mama huyeyushwa upesi, na kwa kawaida mtoto wa wiki za mwanzo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Ile saa ya ndani ya mwili, inayotuambia sisi wakubwa kwamba sasa ni usiku, yeye hazaliwi nayo ikiwa kamili; huanza kujijenga kati ya mwezi wa pili na wa tatu.

Tena, usingizi wake huenda kwa mizunguko mifupi ya karibu dakika 50, na takriban nusu ya usingizi wote ni ule mwepesi, ambapo macho hucheza chini ya kope, uso hukunjamana, naye huguna, hujinyoosha, hutabasamu, au hata hutoa kilio kimoja kifupi, ilhali amelala. Hayo yanatosha kwa sasa.

Hatua ya 1: Andika siku tatu bila kubadili chochote

Gawa ukurasa wa daftari katika safu tatu: amelala, ameamka, amenyonya. Andika saa tu. Usiandike maoni, na usijaribu kurekebisha kitu katika siku hizo tatu.

Mama mmoja wa Nkuhungu aliniletea ukurasa wake mtoto akiwa na wiki 5. Alikuwa ameapa kwamba mtoto halali kabisa, na macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. Tulijumlisha pamoja, tukapata saa 9 za usingizi mchana na saa 6 na nusu usiku, jumla saa 15 na nusu, kiasi kinachomtosha mtoto wa umri ule. Kisha tukauona mstari uliokuwa na jibu: "Saa 4:10 asubuhi amelala. Saa 8:20 mchana ameamka." Zaidi ya saa 4 mfululizo, katika chumba cha ndani, pazia limefungwa, na nyumba nzima imeamriwa kunyamaza. Mtoto alikuwa na usiku wake mzuri, ila ulikuwa umewekwa katikati ya mchana. Bila ukurasa ule ningempa ushauri wa kumlaza mtoto asiyelala, na ungekuwa ushauri usiomhusu.

Onyo: usijumlishe kwa kukumbuka. Mtu aliyekesha hukumbuka kila mara alipoamshwa, lakini hakumbuki muda uliopita katikati.

Hatua ya 2: Tengeneza mahali salama, kila siku, kila usingizi

Hii ndiyo hatua ambayo sitaki mtu aipunguze hata kidogo, kwa sababu inahusu uhai.

Mlaze mtoto chali, uso ukiangalia juu, iwe usiku au mchana, iwe ni wewe au ni jirani anayekushikia. Nchini Marekani kampeni ya kuwalaza watoto chali ilianza mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa takriban nusu. Akina bibi wengi huogopa kwamba mtoto aliyelala chali akicheua atapaliwa. Nawaeleza hivi: mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, hivyo alichocheua hurudi chini tumboni badala ya kuingia kwenye njia ya hewa, akilala kifudifudi mpangilio huo hugeuka. Kumlaza ubavu nako hakufai, kwa kuwa hujiviringisha kwa urahisi na kuishia kifudifudi.

Ondoa mto, blanketi zito, midoli, nguo zilizorundikwa na mifuko ya nailoni. Hirizi, shanga na uzi wowote wa shingoni vivuliwe wakati wa kulala, hata kama mchana familia inapenda avae, kwa sababu uzi ukinasa kwenye kona ya kitanda humkaba mtoto bila kelele.

Najua kwamba nyumba nyingi zetu zina chumba kimoja cha kulala na kitanda kimoja. Lililo salama zaidi ni mtoto kulala chumba kimoja nanyi, lakini juu ya godoro lake. Ikiwa hilo halijawezekana, basi kitanda cha pamoja kipangwe: godoro liwe gumu, mito na blanketi viwe mbali na uso wake, mtoto alale upande wa mama na si katikati ya watu wawili, pasiwe na pengo kati ya godoro na ukuta ambamo anaweza kunasa, na kaka au dada yake mdogo asilale kando yake. Aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa inayoleta usingizi asilale na mtoto kitanda kimoja. Kwenye sofa usilale naye kamwe, hata kwa dakika kumi za kupumzisha mgongo. Afadhali unyonyeshe kitandani kuliko kwenye sofa ukiwa unasinzia.

Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, na mtoto awe mbali na kitambaa chake. Dawa za mbu za kuchoma, zile za duara zinazotoa moshi, zisiwashwe katika chumba anamolala.

Sasa nije kwenye baridi, kwa kuwa hapa kwetu ndipo makosa mengi yanapotokea. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma unauma usiku, na wazazi wenye nia njema hufanya mambo mawili ya hatari. La kwanza ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoonekana kuwaka vizuri hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kuua familia nzima usingizini. Jiko libaki nje, bila kujali baridi. La pili ni kumvisha mtoto sweta mbili, kofia, soksi na blanketi juu yake. Joto kupita kiasi nalo ni hatari kwa mtoto aliyelala. Mvishe nguo moja zaidi ya zile ulizovaa wewe ukiwa umestarehe, na umvue kofia mkiwa ndani. Ili kupima, weka vidole viwili kwenye kisogo chake au kifuani chini ya nguo: pakiwa na jasho au pakiwa pa moto, punguza nguo moja, pakiwa baridi, ongeza. Usipime kwa mikono na miguu, kwa maana huwa baridi hata mtoto akiwa na joto la kutosha. Oktoba na Novemba, bati linapohifadhi joto la mchana hadi saa 4 usiku, nepi na fulana nyepesi vinatosha, dirisha likiwa wazi na chandarua kikiwa kimefungwa vizuri.

Hatua ya 3: Mwonyeshe tofauti ya mchana na usiku

Katika hili tumejaliwa. Dodoma haiko mbali na ikweta, jua huchomoza na kuzama kwa nyakati zinazokaribiana mwaka mzima, na mwanga wetu wa asubuhi ni mkali na safi. Mwanga ndio unaofundisha saa ya ndani ya mwili, kwa hiyo utumie.

1. Karibu saa 1 asubuhi fungua mapazia, msalimie mtoto kwa sauti ya kawaida, mbadilishe nguo za usiku. Mtoe kibarazani, kivulini. Huna haja ya kumwanika juani.
2. Mchana alale sebuleni au mahali penye mwanga na shughuli. Sauti ya sufuria, redio ya jirani na watoto wanaocheza uani visikutie hofu.
3. Usingizi wa mchana ukizidi saa 2 mfululizo, mwamshe taratibu, mnyonyeshe, zungumza naye. Mama wa Nkuhungu alianza na hili peke yake.
4. Kuanzia saa 1 usiku punguza taa na sauti. Runinga izimwe au ihamishwe.
5. Anapoamka usiku, mnyonyeshe chini ya taa hafifu, usimchekeshe, usimtazame sana machoni. Pampasi au nepi ibadilishwe ikiwa ina choo au imelowa sana, vinginevyo iache hadi asubuhi.

Mpe wiki moja hadi mbili. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya nne kwa kuwa hujaona mabadiliko, au kufuata utaratibu huu siku za kazi na kuuvunja Jumamosi wageni wanapokuja kumwona mtoto saa 3 usiku. Waombe waje mchana. Hilo si kuwavunjia heshima.

Hatua ya 4: Mshibishe kwa maziwa ya mama tu

Mtoto anayesinzia titini baada ya dakika tano ataamka baada ya dakika arobaini. Mkunekune nyayo, mbadilishe titi, mfungue kanga apate ubaridi kidogo, ili amalize. Kisha mnyanyue begani umpigepige mgongo hadi abeue.

Hadi atakapokuwa amerudia uzito wake wa kuzaliwa, jambo ambalo kwa kawaida hutimia kufikia wiki ya 2, usimwache apitishe saa 3 au 4 bila kunyonya, hata ikibidi kumwamsha. Baada ya hapo, kama uzito kwenye kadi unapanda na analowesha nepi mara 6 au zaidi kwa siku, akilala muda mrefu usiku mwache.

Onyo kuhusu uji: kumpa mtoto wa chini ya miezi 6 uji, maji, maziwa ya ng'ombe au dawa za chango hakumfanyi alale usiku kucha. Kunachukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo, na kunaweza kumletea kuharisha. Nawaomba akina mama wakwe, kwa heshima zote, walizingatie hili. Unyonyeshaji wa usiku una faida yake pia kwa mama, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku.

Onyo kubwa zaidi ni kuhusu Piriton na dawa nyingine za mafua zinazoleta usingizi. Usimpe mtoto mchanga dawa hizo ili alale, hata kama duka la dawa limekuuzia bila kuuliza. Zinaweza kuvuruga upumuaji wake.

Hatua ya 5: Mlaze kabla hajachoka kupita kiasi

Katika mwezi wa kwanza mtoto huweza kukaa macho kwa dakika 45 hadi 60, kunyonya kukiwemo. Kufikia miezi 2 huweza kufika dakika 90. Kufikia miezi 4 hukaribia saa 2. Muda huo ukikaribia kuisha, mtazame: hutoa macho yasiyotazama kitu, hugeuza uso, hupiga miayo, hufikicha macho, nyusi huwa nyekundu kidogo. Hapo ndipo pa kumlaza. Ukisubiri hadi alie, mwili wake utakuwa umeshaamka upya kwa uchovu, na kumtuliza kutachukua muda mara tatu.

Hatua ya 6: Chagua mambo matatu ya kufanya kila usiku kwa mpangilio uleule

Mfuteni kwa maji ya vuguvugu, mnyonyeshe, mwimbie. Inatosha. Wimbo uwe wa kwenu, wa Kigogo, wa Kirangi, wa Kichaga, wowote ule, mradi uwe uleule kila siku. Katika miezi ya baridi kuoga kuwe mapema, saa 10 jioni kabla upepo haujaanza, na usiku afutwe tu.

Hatua ya 7: Mshushe kwa utaratibu

Akiwa amelala mikononi, inua mkono wake mdogo kidogo kisha uuachie. Ukianguka kama kitambaa, usingizi umekolea. Ukijikunja, subiri dakika chache. Mshushe kwa kutanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Usiondoe mikono ghafla. Acha kiganja kimoja kifuani kwake hadi apumue mara kumi.

Mara moja kwa siku, hasa usingizi wa kwanza wa asubuhi, jaribu kumlaza akiwa anasinzia lakini bado macho. Akikubali, vizuri. Akikataa, mbembeleze kama kawaida na ujaribu kesho. Kabla ya miezi 4 hatutafuti zaidi ya kumzoesha godoro.

Kumviringisha ndani ya kanga huwasaidia wengi katika wiki za mwanzo, kwa sababu huzuia mikono kurushwa. Kanga ibane mikono tu. Nyonga na miguu viwe huru kukunjuka kama vya chura, na kitambaa kisifike shingoni. Siku utakapomwona anaanza kujaribu kujigeuza, acha kumviringisha kabisa. Mgongoni kwenye mbeleko anaweza kulala wakati unafanya kazi, ila uso uwe wazi na kidevu kisigandamane na kifua.

Hatua ya 8: Anapoguna usiku, subiri

Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na wiki 3 nilikuwa namnyanyua kila anapoguna. Nilikuwa tayari ni muuguzi, nimefundishwa, na bado nilifanya hivyo. Shangazi yangu alikuja kutoka Mpwapwa kunisaidia, na usiku wa pili, nilipoinuka kwa mara ya nne, alinishika kifundo cha mkono gizani akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu. Huyo amelala." Tuliketi ukingoni mwa kitanda. Mtoto alikunja uso, akajinyonga, akatoa sauti kama ya mbuzi mdogo, akanyoosha mguu mmoja, kisha akavuta pumzi ndefu na kutulia. Sikuwa nimegusa kitu. Alilala tena kwa muda wa saa 2.

Kwa hiyo: ukisikia sauti, fungua masikio, usiwashe taa, hesabu taratibu hadi dakika moja au mbili. Macho yakiwa yamefumba, na sauti zikija na kukatika, muache. Akianza kugeuza kichwa akitafuta titi, kulamba midomo au kupeleka mkono mdomoni, hiyo ni njaa, mnyonyeshe kabla hajalia. Kilio kinachopanda kijibiwe mara moja. Mtoto mchanga hadeki, na kumwacha alie peke yake katika umri huu hakumfundishi kulala.

Hatua ya 9: Gawaneni usiku, na mjiandae kurudi kazini

Baba hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kupokea mtoto baada ya kunyonya, kumbeulisha, kumbadilisha na kumlaza. Mama apate angalau kipindi kimoja cha usingizi usiokatizwa, kwa mfano kuanzia saa 3 usiku hadi mtoto atakapotaka titi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12, maana yake ni kwamba mama anaitwa kazini mwezi uleule ambao usiku wa mtoto ndio kwanza unaanza kujipanga. Nimewaona wengi wakilia kwamba mtoto ameharibika, kwa kuwa juma la kwanza la kazi anaanza kuamka kila baada ya saa 2. Hajaharibika. Amekukosa mchana, na usiku anafidia maziwa na harufu yako. Mnyonyeshe mara tu urudipo, tena kabla ya kulala, na usidhani kwamba maziwa yamepungua. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ziombe kwa maandishi kabla hujaanza. Anayebaki na mtoto afundishwe hatua ya 2 na ya 5 wiki mbili kabla, mkiwa pamoja, ili aone kwa macho.

Mambo yanapokwama

*Analia kila jioni bila sababu.* Kilio cha watoto hupanda hadi kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia miezi 3 au 4. Watu hukiita chango. Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, tembea naye, zima taa, pokezaneni. Ukiona hasira inakupanda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika tano, umwite jirani. Usimtikise mtoto kamwe, kwa maana kumtikisa kunaweza kuumiza ubongo wake.

*Analala begani tu.* Anza na usingizi mmoja kwa siku, ukifuata hatua ya 7. Lala kwanza juu ya shuka yake usiku mmoja ili ibaki na harufu yako, kisha itandike vizuri kwenye godoro lake.

*Anaamka baada ya dakika 40 kila mara.* Huo ni mwisho wa mzunguko mmoja. Mwekee kiganja kifuani, uimbe wimbo wenu, umpe dakika tatu aingie mzunguko wa pili. Asipolala, kubali, usingizi mfupi wa mchana ni kawaida hadi karibu miezi 5.

*Alikuwa analala vizuri, amefika miezi 4 na sasa anaamka kila mara.* Usingizi wake unabadilika kufanana na wa mtu mzima, na anaamka kikamilifu kati ya mizunguko. Hudumu wiki kadhaa. Endelea na utaratibu uleule. Huu si wakati wa kuanzisha uji.

*Anashtuka usingizini.* Mikono ikifunguka ghafla na kurudi, ikitulia ukimwekea kiganja, huo ni mshtuko wa kawaida wa watoto wachanga. Mitikisiko yenye mapigo yanayolingana, isiyokoma hata ukimshika mkono au mguu, ni dalili ya degedege na inahitaji kituo cha afya usiku huohuo.

*Amejigeuza kifudifudi.* Endelea kumlaza chali. Akishaweza kujigeuza na kujirudisha mwenyewe, huna haja ya kumrudisha kila mara.

*Amechanjwa wiki ya 6, 10 au 14 na hatulii.* Siku moja au mbili za kulia au kulala zaidi ni za kawaida. Mnyonyeshe mara nyingi, na dawa ya homa apewe kwa kipimo cha mhudumu tu.

Pale ambapo si suala la usingizi tena

Acha hatua zote na umpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya bila kusubiri kupambazuke ukiona mojawapo ya haya: hawezi kunyonya au anakataa kabisa, ni mgumu kuamka au hajongei mpaka achokozwe, kipimajoto cha kwapani kinasoma nyuzi 37.5 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au chini ya 35.5, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, au mara 50 na zaidi akiwa na miezi 2 hadi 12, ukihesabu dakika nzima akiwa ametulia, viganja na nyayo vimekuwa vya njano, au amepata degedege. Kwa mama aliyejifungua karibuni na kwa kichanga, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure na hutafuta usafiri wa dharura. Beba kadi ya kliniki na lile daftari: muuguzi wa zamu atataka kujua alinyonya mara ya mwisho saa ngapi, na utakuwa umeshaandika.